Asili ya Binadamu Si Ngazi ya Vyeo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa kila mwezi, nayo yachapishwa hapa kwa ombi la Halmashauri.)



Niliagizwa nizungumze juu ya jambo la elimu liwezalo kuwafaa watu wa kazi ya kalamu. Nami nimechagua jambo ambalo kila mmoja wetu amepata kulisikia, lakini wachache wamepata kuelezwa sawasawa, nalo ni elimu ya mabadiliko ya viumbe, pamoja na ile njia yake iitwayo uchaguzi wa asili.

Elimu hii imepatwa na bahati mbaya. Wako wanaoikataa kwa sababu ya maneno isiyoyasema, na wako wanaoipenda kwa sababu ya maneno yale yale isiyoyasema. Mmoja husema, "Siwezi kukubali kwamba babu yangu alikuwa nyani." Mwingine husema, "Mwenye nguvu humla mnyonge, ndiyo sheria ya dunia." Wote wawili washindana na kivuli. Walakini kivuli hicho si cha mchezo, maana kimepata kumtia binadamu mzima katika tundu la wanyama, kama nitakavyoeleza.

Sisi makarani twaijua sana ngazi ya vyeo. Mtu huingia kazini chini kabisa, hungoja, hupandishwa, na aliye juu humtazama aliye chini kama mtu ambaye hajafika. Kosa kubwa juu ya asili ya binadamu ni kudhani kwamba viumbe wote nao wamepangwa katika ngazi ya namna hiyo: mdudu chini, samaki juu yake, kisha nyani, kisha mtu, na katika watu wenyewe, hawa chini na wale juu. Nataka kuonyesha jioni hii kwamba ngazi hiyo haipo. Upo mti wenye matawi, na upo ungo unaopepeta mahali kwa mahali na zama kwa zama.

ELIMU HII YASEMA NINI HASA

Tarehe 1 Julai 1858 maandishi ya Waingereza wawili, Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, yalisomwa mbele ya chama cha wataalamu wa viumbe huko London. Mwaka uliofuata, yaani 1859, Darwin alitoa kitabu chake kikubwa juu ya asili ya aina za viumbe. Hoja yao yasimama juu ya mambo matatu ambayo mkulima yeyote ayajua. La kwanza, viumbe wa aina moja hawalingani kwa kila kitu. La pili, baadhi ya tofauti zao hurithiwa na watoto. La tatu, wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kuishi hata wakazaa. Mambo hayo matatu yakikutana, hapana budi wale ambao tofauti zao zawafaa mahali walipo waache watoto wengi zaidi, na tofauti zile zizidi kuenea kizazi kwa kizazi.

Na tofauti zenyewe hutoka wapi? Twaeni mfano wa masijala. Barua moja yanakiliwa, nakala ile yanakiliwa tena, na ile ya pili tena, hata kufika nakala elfu. Karani awe hodari namna gani, hataweza kunakili mara elfu bila kukosea herufi. Makosa mengi hayana neno. Mengine huharibu maana. Lakini mara moja moja herufi iliyokosewa huifanya barua isomeke vema zaidi huko inakopelekwa. Ndani ya mwili mna maandishi ya urithi, ambayo Darwin hakuyajua, na ambayo umbo lake lilielezwa mwaka 1953. Mzazi hampi mtoto maandishi yale yenyewe, bali humpa nakala. Makosa ya kunakili ndiyo asili ya tofauti.

Neno "uchaguzi" lenyewe huwapoteza watu, maana uchaguzi hutaka mchaguzi. Afadhali tufikiri ungo. Ungo haujui mchele wala chuya, wala haukusudii kitu. Lakini ukitikiswa sana, mchele hubaki na makapi huruka.

Sikuja hapa kumwingilia mtu katika dini yake. Elimu hii yaeleza jinsi viumbe wanavyobadilika, kama vile elimu ya hewa inavyoeleza jinsi mvua inavyonyesha. Nani aliyeweka kanuni hizo, na kwa kusudi gani, ni swali ambalo kila mtu atalijibu katika msikiti wake au kanisa lake. Ombi langu ni kwamba tukikubali au tukikataa, liwe ni lile hasa linalosemwa.

KOSA LA KWANZA: KWAMBA MTU ALITOKA KWA SOKWE

Watu huuliza, "Kama mtu alitoka kwa sokwe, mbona sokwe wangaliko?" Swali hili ni sawa na mtu kuuliza, "Ikiwa mimi na binamu yangu tu wajukuu wa babu mmoja, mbona binamu yangu yungali hai?" Sokwe wa Gombe, karibu na Kigoma, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, si babu zetu. Ni binamu zetu. Babu tuliyeshirikiana nao aliishi katika Afrika yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita, wala yeye hakuwa sokwe wa leo, wala hakuwa mtu. Tangu ukoo ulipogawanyika, upande wetu umebadilika, na upande wao umebadilika vile vile kwa njia yake. Sokwe si mtu aliyechelewa kupandishwa cheo. Ni kiumbe kamili wa msituni, naye apajua pale mahali pake kuliko tujuavyo sisi.

KOSA LA PILI: KWAMBA ASILI NI NGAZI

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliona fuvu katika bonde la Olduvai, katika nchi ya Tanganyika ya wakati ule. Mumewe, Louis Leakey, alilipa jina Zinjanthropus, maana yake mtu wa Zinj, kwa lile jina la kale la pwani yetu ya Afrika Mashariki. Fuvu lile, lenye umri wa karibu miaka milioni 1.75, limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Magego yake ni makubwa ajabu. Mwanzo ilidhaniwa kwamba huyu ndiye babu yetu, daraja la chini la ngazi yetu.

Lakini tangu mwaka 1960 yalionekana katika bonde lile lile mabaki ya kiumbe mwingine, mwenye ubongo mkubwa zaidi na meno madogo zaidi, ambaye mwaka 1964 aliitwa Homo habilis. Wawili hawa waliishi zama moja katika nchi moja. Leo wataalamu wakubali kwamba Zinj ni tawi la kando, lililokauka bila kuacha uzao. Kama asili ingekuwa ngazi, wawili hao wasingekutana hivyo, maana daraja la chini huachwa nyuma mtu apandapo. Tena tusimdharau Zinj kwa kuwa ukoo wake umekatika. Aina yake ilidumu duniani karibu miaka milioni moja, na aina yetu sisi, kwa mabaki yanayojulikana, ina miaka kama 300,000 tu. Bado hatujafika nusu ya safari yake.

Kuna ushahidi mwingine karibu na hapo, mahali paitwapo Laetoli. Mwaka 1978 zilionekana huko nyayo za viumbe waliokwenda kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Wenye nyayo zile walikuwa na ubongo mdogo, usiozidi sana wa sokwe. Watu waliowaza ngazi walidhani kwamba akili ndiyo iliyotangulia, na mwili ukaifuata kama mtumishi. Nyayo zile zasema kinyume: miguu ilitangulia, na ubongo mkubwa ukaja baada ya zama nyingi.

Ndugu zangu, kosa hili la ngazi halikuishia vitabuni. Mwaka 1904 kijana mmoja wa Kongo, jina lake Ota Benga, alipelekwa Marekani kuonyeshwa katika maonyesho makubwa ya St. Louis. Mwezi wa Septemba 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, ndani ya nyumba ya nyani, pamoja na mnyama aitwaye orangutani, na maelfu ya watu wakaja kumtazama. Waliofanya hivyo walijiona kuwa watu wa elimu. Walidhani wanaonyesha umma daraja moja la ngazi, kati ya mnyama na wao wenyewe. Wachungaji Waamerika weusi, na miongoni mwao James Gordon, walipiga kelele mpaka akatolewa. Lakini hakupata kurudi kwao, na mwaka 1916 alijiua kwa bastola katika mji wa Lynchburg, Virginia. Wenye bustani ile waliomba radhi hadharani mwaka 2020, baada ya miaka 114.

Basi elimu yenyewe yasemaje juu ya watu? Yasema kwamba watu wote walio hai leo wako mbali sawasawa na mababu wa kale. Hapana taifa lililobaki nyuma njiani, kama vile hapana mjukuu aliye mjukuu zaidi ya mwenziwe. Mwaka 1871 Darwin aliandika kwamba yaelekea mababu wa kwanza wa binadamu waliishi Afrika, na mabaki yaliyochimbwa baadaye yakamthibitisha. Watu wa nje ya Afrika wametokana, kwa sehemu kubwa, na kundi la watu waliotoka bara hili yapata miaka 60,000 iliyopita. Kwa sababu hiyo tofauti za urithi ni nyingi zaidi ndani ya Afrika kuliko mahali pengine popote. Tena mwaka 1972 Richard Lewontin alipima tofauti za urithi za binadamu, akaona kwamba karibu sehemu 85 katika kila 100 zapatikana ndani ya kabila moja au taifa moja, wala si kati ya taifa na taifa. Rangi ya ngozi ni jalada la faili. Anayehukumu faili kwa jalada lake hajafanya kazi ya ukarani.

KOSA LA TATU: KWAMBA MWENYE NGUVU NDIYE ASHINDAYE

Maneno mashuhuri kwamba wafaao zaidi ndio waokokao hayakutungwa na Darwin. Yalitungwa na Herbert Spencer mwaka 1864, na Darwin akayachukua baadaye. Watu wengi wameyafasiri kuwa wenye mabavu ndio waokokao. Sisi tulio na Kiswahili hatuna udhuru wa kukosea hivyo, kwa kuwa twajua maana ya kufaa. Kiatu kinachofaa si kile kikubwa kuliko vyote dukani, ni kile kiuingiacho mguu wako. Kiumbe hawezi kufaa hivi hivi tu. Hufaa mahali fulani, wakati fulani.

Mfano ulio bora kuliko yote duniani ulipatikana katika nchi zetu hizi. Mwaka 1949 kijana mmoja msomi wa udaktari, Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa makabila mengi. Alikuwa akitafuta ile hali ya damu ambayo chembe zake nyekundu hupinda mfano wa mundu. Akaona jambo la kustaajabisha. Katika watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, hali ile ilikuwa nyingi sana. Katika watu wa nchi za juu zenye baridi, kama Wakikuyu, ilikuwa haba. Huko Bwamba, magharibi ya Uganda, ilikutwa katika watu karibu 40 kwa kila 100. Allison akawaza: tofauti ya nchi hizi ni nini? Ni mbu, na malaria. Mwaka 1954 alitangaza kwamba wenye hali ile hukingwa kwa sehemu na malaria kali, nayo imethibitika mara nyingi tangu siku hizo.

Mambo yenyewe ni haya. Kila mtu ana nakala mbili za jeni inayotengeneza wekundu wa damu, moja ya mama na moja ya baba. Zamani herufi moja ya jeni ile ilikosewa katika kunakiliwa. Mtu mwenye nakala moja iliyokosewa na moja nzima ni mzima wa afya, tena mtoto wa namna hiyo hufa kwa malaria kwa nadra kuliko wenziwe. Mtu mwenye nakala mbili zilizokosewa hupatwa na ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, wenye maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu, na mara nyingi kifo cha utotoni asipotibiwa.

Sasa nawauliza, mabwana na mabibi: jeni hiyo ni bora au ni mbaya? Yule mwenye nakala moja ni hodari au ni dhaifu? Hamwezi kunijibu mpaka mniulize kwanza: wapi? Huko Bwamba penye mbu, nakala moja ni ngao. Katika mji wa Chicago usio na malaria, haimfai mwenyewe kitu, na yaweza kuwa msiba kwa wanawe. Herufi ni ile ile. Mahali ndipo palipobadilika. Tena si alama ya rangi ya mtu, maana yapatikana pia Ugiriki, Arabuni, Oman na Bara Hindi, kote ambako malaria ilikaa zama nyingi.

Na tazameni gharama yake. Ngao ya wengi imenunuliwa kwa maisha ya watoto wachache. Fundi mwenye kuona mbele asingetengeneza kinga ya namna hiyo, lakini ungo hauna macho wala huruma. Kwa hiyo wanaosema kwamba tuige asili katika mambo ya utawala wamepotoka mara mbili. Wamekosea kudhani kwamba asili huwatukuza wenye nguvu, tena wamekosea kudhani kwamba lile linalotokea ndilo linalopasa kutendwa. Mafuriko nayo ni ya asili, lakini hatuyaigi, twajenga tuta. Waliosahau jambo hilo walitunga sheria za kuwahasi watu waliohesabiwa kuwa dhaifu: jimbo la Indiana, Marekani, mwaka 1907, na Ujerumani mwaka 1933. Tujuavyo, mambo ya Ujerumani hayakukomea hapo.

KOSA LA NNE: KWAMBA KIUMBE HUJIBADILISHA KWA KUTAKA

Wengi wasema kwamba twiga alijinyoosha shingo mpaka ikawa ndefu, au kwamba vimelea vya malaria "vimezoea" dawa, kama mtu azoeavyo pilipili. Sivyo. Kimelea hakijifunzi kitu. Jambo hili tumeliona kwa macho yetu katika dawa ya klorokwini, iliyotumika miaka mingi. Katika vimelea vingi mno, vichache vilikuwa na kosa la kunakili lililovifanya visiuawe na dawa ile. Dawa ikawaua wenzao, navyo vikabaki na uwanja mtupu, vikazaana. Baada ya muda watu wakanywa dawa na homa isishuke. Tanzania ililazimika kuiacha klorokwini mwaka 2001, kisha ikaiacha na ile iliyofuata, ikaingia katika dawa ya mseto.

Malawi ilikuwa imeiacha klorokwini mapema zaidi, mwaka 1993. Na yaliyotokea huko ni funzo kubwa kwa watu wa ngazi. Dawa ilipoondolewa, ule ukaidi wa vimelea haukuwa na faida tena, ukawa mzigo mtupu. Vile vimelea visivyoweza kushindana na dawa vikarudi kuenea, hata majaribio yaliyotangazwa mwaka 2006 yakaonyesha kwamba klorokwini ilikuwa imerudia kuponya watoto karibu wote waliopewa. Je, vimelea vile vilipanda cheo, kisha vikashushwa? La. Ungo ulibadilishwa, na kilichobaki juu yake kikabadilika.

KOSA LA TANO: KWAMBA KAZI HII IMEKWISHA KWA BINADAMU

Wengine hudhani kwamba binadamu amefika mwisho, hapepetwi tena. Watazameni wafugaji. Watu wazima walio wengi duniani hawawezi kuyeyusha vema sukari ya maziwa mabichi. Uwezo ule wa utotoni hupotea. Lakini katika koo zilizofuga ng'ombe kwa maelfu ya miaka, uwezo umebaki hata utu uzima. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenziwe walitangaza kwamba wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan wamepata uwezo huo kwa makosa ya herufi yaliyo mbali na lile la watu wa Ulaya. Maana yake, jambo moja lilipatikana mara nyingi, mahali mbalimbali, hapana aliyemwiga mwenziwe. Tena lilitukia katika miaka elfu chache tu iliyopita. Tazameni vilevile kwamba desturi ya watu, yaani ufugaji, ndiyo iliyokuwa ungo wenyewe.

YATUPASA NINI

Elimu isiyofika nyumbani ni mzigo wa karatasi. Kwa hiyo nataka kumaliza kwa mambo matatu ambayo kila mwanachama aweza kuyatenda.

La kwanza ni juu ya ndoa na watoto. Wangapi miongoni mwetu wamepata kuona mtoto akiugua maumivu na manjano ya macho, akafa, na jamaa wakamtaja shangazi au jirani kuwa mchawi, au wakamrudisha mke kwao kwa kuwa "tumbo lake ni baya"? Sikieni hesabu. Mtoto hawezi kuugua selimundu kwa nakala ya mama peke yake. Hapana budi baba naye atoe yake. Baba na mama wenye nakala moja moja iliyokosewa, wote wazima wa afya, wana bahati moja katika nne, kwa kila mimba, ya kupata mtoto mgonjwa. Wala msidhani kwamba akishaugua mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba yaanza hesabu yake upya. Basi vijana wapimwe damu kabla ya kuposa au kuposwa, wajue hali yao; na mtoto apimwe mapema, maana siku hizi zipo chanjo na dawa zinazomzuilia maradhi mengine, na ipo haidroksiyurea inayopunguza maumivu. Mchawi hayumo katika faili hili. Imo herufi moja iliyokosewa, nayo ilikuwa imewaokoa mababu.

La pili ni juu ya dawa. Umalize dozi uliyopewa na mganga wa hospitali, hata ukiona umepona siku ya pili, wala usinunue vidonge vya kubahatisha. Anayekatiza dozi huviachia vimelea sugu uwanja, navyo vitakwenda kwa mtoto wa jirani.

La tatu ni juu ya ndimi zetu. Mtu akimwita mwenziwe nyani, iwe uwanjani kwenye mpira au mahali pa kazi, akadhani ana elimu nyuma yake, ajibiwe kwa upole na kwa uhakika kwamba elimu hiyo haimjui. Na sisi wenyewe tujihadhari, maana wako miongoni mwetu wanaochukizwa na ngazi ile inapowaweka chini ya Mzungu, lakini huipanda kwa haraka wanapowataja Wahadzabe wa Eyasi au Wambuti wa Kongo kuwa ni "watu wa kale" waliosahauliwa njiani. Mhadzabe anayepiga upinde leo ni mtu wa leo, kama karani apigaye taipu. Babu zake wametembea miaka mingi sawa na babu zetu, bila kupungua hata siku moja.

Ngazi za vyeo ni kazi ya watu. Zaanzishwa kwa waraka, na kwa waraka zaweza kufutwa. Tusizitundike juu ya viumbe, na tusimwambie mtu kwamba maumbile yalimwandikia cheo kabla hajazaliwa.

Hayo ndiyo niliyoagizwa kuwaletea. Bwana Rais, niko tayari kwa maswali ya wanachama.